Kibali cha mazingira kwa shamba la chaza au kaa pwani ya Kenya: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maombi ya mashamba ya chaza na kaa hurudishwa kwa maswali yaleyale: hapo mahali ni pa nani, na wanaopatumia kila siku wamesema nini? Waombaji wengi hudhani kikwazo ni karatasi za NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kumbe shida imeanza mapema zaidi. Mtu ameajiri mtaalamu, ameandikiwa ripoti nzuri, amelipa, ndipo anagundua kwamba eneo alilochagua ni msitu wa mikoko wa serikali, au ni njia ya mashua za kijiji jirani. Fedha zimekwenda na ripoti haifai kitu.

Mwongozo huu unaanzia majini, unapita kwa watu, na mwisho ndipo unafika ofisini. Unamfaa mtu binafsi au kikundi kilichoko Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River au Lamu, kinachotaka kufuga chaza kwenye kamba na vyelezo, au kunenepesha kaa wa matope kwenye vizimba. Kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti nyuma ya mikoko ni jambo zito zaidi. Hatua ni hizihizi, lakini jiandae kwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira tangu siku ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha usajili wa kikundi au kampuni, PIN ya KRA, na akaunti ya eCitizen ya mwombaji mwenyewe.
- Muhtasari wa mkutano wa kikundi ulioidhinisha mradi, wenye sahihi na nambari za vitambulisho.
- Simu yenye GPS, jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka huo, kamba ndefu yenye fundo kila mita, na uzito wa kuifunga chini.
- Daftari gumu lisiloharibika upesi kwa maji. Litakuwa ushahidi wako.
- Mchoro wa shamba wenye vipimo, hata ukiwa wa mkono.
- Bajeti ya mradi mzima iliyo ya kweli. Bajeti ni sehemu ya ripoti, na ukiipunguza ili mradi uonekane mdogo, hesabu za shamba zitakusaliti.
- Akiba ya fedha kwa mtaalamu, vipimo vya maji na usafiri wa mikutano, iliyotengwa kando na fedha za vifaa.

Usinunue kamba, maboya wala vizimba bado. Ukishanunua utashindwa kuhama mahali hata ukiambiwa hapafai.

## Hatua ya 1: Soma mahali pako kwa macho na kwa kamba

Nenda eneo unalolitaka wakati wa maji bamvu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, kisha rudi wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Ukienda mara moja tu utaona nusu ya ukweli. Pwani yetu maji ya bamvu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo mahali panapoonekana pana kina cha kutosha maji yakijaa panaweza kuwa tope tupu yakipwa.

Pima kina wakati maji yamekupwa kabisa siku ya bamvu. Kwa chaza wa kuning'inizwa, kina hicho kizidi urefu wa kamba zako kwa mita moja au zaidi. Kamba ikigusa chini, kaa na konokono watapanda na kula chaza, na tope litawafukia waliobaki.

Andika pia haya: mkondo unakwenda upande gani maji yakijaa na yakipwa, chini ni mchanga, tope, matumbawe au nyasi bahari, mikoko iko umbali gani, na mashua zinapita wapi. Chukua nukta za GPS za kona zote nne. Piga picha kila kona ukielekeza bara na ukielekeza bahari.

Chota tope la chini ulinuse. Likiwa jeusi na linanuka kama yai viza, hapo hewa haifiki na mkondo ni dhaifu. Kinyesi cha chaza na mabaki ya chakula cha kaa vitarundikana na kuoza. Tafuta mahali pengine sasa, kabla mtu wa ofisini hajakuambia.

Onyo: nyasi bahari na matumbawe hai visiwe chini ya shamba lako. Chelezo huzuia jua, na nyasi bahari bila jua hufa. Hakuna maelezo ya ripoti yatakayofunika jambo hili.

Hatua hii imekamilika ukiwa na angalau eneo moja la akiba zaidi ya lile unalolipenda.

## Hatua ya 2: Jua mahali hapo pako chini ya nani

Hapa ndipo maombi mengi huzama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali ya Kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Bahari na sakafu yake ni hivyohivyo. Maana yake ni kwamba hati ya shamba la ufuoni haikupi maji yaliyo mbele yake. Mwenye hoteli hana bahari, na wewe mwenye kiwanja cha babu huna pia. Utakachopata ni ruhusa ya kutumia.

Baada ya hapo jiulize maswali manne.

Je, kuna mikoko? Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na leo husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kizimba cha kaa kikiwekwa ndani ya mikoko, hata kama hukukata mti, umeingia msituni. Unahitaji ruhusa ya KFS, na mahali penye chama cha jamii cha msitu uzungumze nacho kwanza. Kukata boriti za mikoko kutengeneza vyelezo kunahitaji leseni yake pia. Ningeshauri utumie mianzi au mabomba ya plastiki, uepukane na suala hili kabisa.

Je, ni mbuga au hifadhi ya bahari? Mbuga za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite haziruhusu uvunaji. Hifadhi kama Watamu, Mpunguti, Diani-Chale na Kiunga huruhusu uvuvi wa kienyeji kwa masharti, na msimamizi ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Wengi husahau kwamba Mida Creek imo ndani ya hifadhi ya Watamu. Ukiwa humo, barua ya KWS ni lazima iwe mkononi kabla ya ripoti kuandikwa.

Je, meli na mashua hupita? Karibu na Kilindini ongea na Mamlaka ya Bandari. Kwingineko, Mamlaka ya Usafiri wa Majini itataka kujua maboya yako yatawekewa alama gani zinazoonekana usiku.

Je, BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ina mpango wa usimamizi? Kanuni za BMU zinawapa wavuvi wa ufuo mamlaka ya kusimamia eneo lao pamoja na serikali. Baadhi wametenga sehemu zilizofungwa ili samaki wazaliane. Usiweke shamba humo.

Andika barua fupi kwa kila ofisi inayokuhusu, ambatisha ramani na nukta za GPS, na uombe jibu la maandishi. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Afisa aliyekubali kwa mdomo anaweza kuhamishwa kesho, lakini muhuri haupewi uhamisho.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu kwa sentensi moja: "Shamba liko nje ya mikoko na nje ya hifadhi, katika eneo la BMU fulani, na hizi hapa barua."

## Hatua ya 3: Keti na wanaopatumia

Tathmini ya mazingira inahusu watu kama inavyohusu maji. Halafu kuna sababu ya kisheria: mtu asiyeridhika na leseni uliyopewa anaweza kukata rufaa ndani ya siku 60, na kazi yako ikasimama huku kesi ikisikizwa. Mkutano mmoja wa kweli kabla ya maombi ni nafuu kuliko wakili mmoja baadaye.

Waandike wote wanaotumia mahali hapo kwa msimu na kwa saa. Wavuvi wa nyavu na wa mishipi. Akina mama wanaoteremka maji yakipwa kuokota kombe na kutafuta pweza. Wavuvi wa kaa wanaoingia mikokoni na ndoano zao. Wakulima wa mwani, hasa Kwale kuanzia Gazi hadi Kibuyuni. Wenye mashua za watalii. Wanaokwenda kuzuru mizimu au kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) iliyo karibu na maji. Kaskazi na kusi huhamisha watu, kwa hiyo aliyekosekana Januari anaweza kuwa ndiye mwenye mahali hapo mwezi wa Julai. Muulize mwenyekiti wa BMU nani huja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kutoka mbali.

Pitia kwa mzee wa kijiji na chifu, kisha uitishe baraza kupitia BMU. Liwekwe siku ya maji mafu, wakati wavuvi wengi hawana haraka, na saa ambayo akina mama wamemaliza kazi za asubuhi. Ukiliweka siku ya bamvu asubuhi utaongea na viti.

Ukisimama, sema jambo lako wazi:

"Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, tumekuja kuomba nafasi. Tunataka kuweka vyelezo vinne hapa mnapopaona kwenye ramani. Njia ya mashua hii hapa haitaguswa. Tunataka mtuambie nani ataumia, na nini tubadilishe kabla hatujaenda serikalini."

Kisha unyamaze usikilize. Mtu akisema "hapo mke wangu huokota kombe," usimjibu kwamba mradi utaleta ajira. Mwombe mwende pamoja mahali penyewe maji yakipwa, na usogeze mpaka kwenye mchoro mbele yake.

Weka kumbukumbu: tarehe, majina na sahihi za waliohudhuria, kila pingamizi kama lilivyosemwa, na jibu lililotolewa. Muhtasari usio na pingamizi hata moja humfanya mkaguzi atilie shaka. Baraza la kweli huwa na watu wanaokataa.

Onyo: usigawe pesa wala ahadi za ajira ili upate sahihi. Nauli na chai ni desturi. Zaidi ya hapo utakuwa umenunua ugomvi na wale ambao hawakugaiwa.

## Hatua ya 4: Mwone afisa wa uvuvi

Kazi za uvuvi zimegawanywa kati ya kaunti na Shirika la Huduma za Uvuvi la kitaifa, KeFS. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016 inasimamia leseni za ufugaji wa viumbe wa majini. Leseni hiyo na ile ya NEMA ni mbili tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Anza na afisa wa uvuvi wa kaunti, maana ndiye NEMA itakayemuuliza maoni.

Suala kubwa hapa ni mbegu. Chaza wa mikoko wa kwetu, *Saccostrea cucullata*, na kaa wa matope, *Scylla serrata*, ni wenyeji. Ukitaka kuleta mbegu ya chaza kutoka nje ya nchi umeingia mlango mwingine kabisa: idhini ya pekee, hofu ya magonjwa, na hofu ya kiumbe mgeni kuenea. Kwa mwombaji wa mara ya kwanza ningesema usijaribu. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya majaribio ya chaza wa kienyeji pwani hii. Waombe ushauri wa jinsi ya kunasa vichaza wachanga.

Kwa kaa, swali utakaloulizwa ni hili: vifaranga wanatoka wapi? Ukiwatoa wote mikokoni bila kipimo unamaliza kaa wa jirani yako ili ujaze kizimba chako. Andika idadi kwa mwezi, ukubwa wa chini utakaochukua, na kwamba majike wenye mayai watarudishwa. Taja pia chakula. Mabaki ya samaki kutoka soko la ufuoni ni jibu zuri kuliko samaki wachanga wanaovuliwa kwa ajili ya kulisha kaa tu.

## Hatua ya 5: Pima maji, hasa baada ya mvua

Chaza hula kwa kuchuja maji. Kila kilichomo majini hukusanyika mwilini mwake: vijidudu vya kinyesi, madini mazito, sumu za mwani mdogo. Maji yakiwa machafu, leseni ya mazingira itakupa shamba ambalo mazao yake hayaliki.

Usichote sampuli siku ya jua na bahari tulivu pekee. Chota pia wakati wa masika, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kwa sababu ndipo vyoo vya shimo, mitaro na mito huteremsha uchafu. Pima kiwango cha chumvi siku hiyohiyo, kwani maji matamu yakikaa siku nyingi yatakuulia chaza.

Omba maabara ipime bakteria wa E. koli, na madini mazito ikiwa uko karibu na mji, bandari au jaa la taka. Kwa kulinganisha, Umoja wa Ulaya huruhusu chaza kuuzwa moja kwa moja wakiwa na bakteria hao wasiozidi 230 kwa gramu 100 za nyama. Kati ya hapo na 4,600 lazima wasafishwe kwenye matangi ya maji safi kwanza. Hata kama soko lako ni hoteli za Diani, mpishi mzuri atakuuliza swali hilo.

Kuna mahori (mikono ya bahari iliyoingia bara) karibu na Mombasa ambayo hupokea maji taka ya mitaa mizima. Kwa chaza wa kuliwa, ningeyaacha. Kaa wa kizimba huvumilia zaidi, lakini naye ni chakula cha mtu.

## Hatua ya 6: Uliza NEMA mradi wako ni wa daraja gani

Sheria ya Mazingira ya 1999, EMCA, inakataza kuanza mradi ulio katika Jedwali lake la Pili bila leseni ya tathmini ya athari. Jedwali hilo lilirekebishwa mwaka 2019 na kugawa miradi katika madaraja ya athari ndogo, ya kati na kubwa. Daraja ndilo linaloamua utaandika ripoti ya aina gani, kwa hiyo linaamua muda na gharama.

Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti ukiwa na maelezo ya ukurasa mmoja: kiumbe gani, njia gani, eneo la mita za mraba ngapi, nukta za GPS, na umbali kutoka mikoko, matumbawe na makazi. Omba jibu la maandishi kuhusu daraja na aina ya ripoti.

Muulize afisa pia kuhusu kifungu cha 42 cha sheria hiyo. Kinahusu kujenga kitu chochote baharini au kuingiza mmea au mnyama humo, na kinataka idhini ya maandishi. Kwa kawaida hushughulikiwa pamoja na tathmini, lakini ripoti isipokitaja utaulizwa. Zitajwe pia Kanuni za 2009 za maeneo oevu na fuo za bahari, na kanuni za ubora wa maji.

Onyo: usigawe mradi mmoja vipande vidogo ili kila kipande kionekane cha athari ndogo. Nukta za GPS zikiwekwa kwenye ramani moja, hila hiyo huonekana mara moja.

## Hatua ya 7: Chagua mtaalamu, na umwongoze

Ripoti lazima iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA na mwenye leseni hai ya mwaka huo. NEMA huchapisha orodha yao. Angalia jina kwa macho yako mwenyewe. Usitosheke na nakala ya leseni iliyotumwa kwa WhatsApp.

Tafuta aliyewahi kuandika ripoti za baharini. Wengi ni wazuri kwa majumba na vituo vya mafuta, lakini hawajui tofauti ya bamvu na maji mafu. Mwulize: "Utakuja shambani maji yakipwa?" Akisema haihitajiki, mshukuru uende kwa mwingine.

Mkataba uandike ada nzima, tarehe ya kukamilisha, idadi ya safari za shambani, na kwamba marekebisho yatakayodaiwa na NEMA yamo ndani ya ada hiyo. Malipo yawe kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke ripoti ikishapokelewa. Anayekuahidi leseni kwa wiki moja anauza kitu ambacho hana.

## Hatua ya 8: Ripoti yenyewe

Mtaalamu ataandika kwa Kiingereza, lakini maarifa ni yako. Mpe daftari lako lote. Kanuni za tathmini za 2003 zinataka ripoti ya mradi ieleze: aina ya mradi, mahali na ukubwa wa eneo litakaloguswa, shughuli za kujenga, kuendesha na kufunga shamba, muundo, vifaa na taka, athari na namna ya kuzipunguza, mpango wa ajali, usalama wa wafanyakazi, athari kwa uchumi na utamaduni wa wenyeji, na bajeti.

Ripoti dhaifu hutambulika kwa sentensi moja: "Mradi hautakuwa na athari mbaya." Hakuna shamba lisilo na athari, na mkaguzi anajua. Sentensi yenye nguvu ni kama hii: "Vyelezo vinne vya mita 6 kwa 6 vitafunika mita za mraba 144 juu ya mchanga usio na nyasi bahari. Kinyesi cha chaza kitaanguka chini yake. Tope litachunguzwa kila miezi mitatu kwa rangi na harufu, na likianza kuwa jeusi vyelezo vitasogezwa hadi eneo la akiba lililo kwenye ramani." Humo mna ukubwa, athari, kipimo na hatua ya kuchukua.

Hakikisha mambo haya hayakuachwa:

Plastiki. Kamba na maboya hukatika wakati wa kusi. Nani atayatafuta, kwa mashua gani, ndani ya siku ngapi? Maboya ya povu humomonyoka yakawa chembe. Sema mapema kwamba hutayatumia.

Kasa na wanyama wengine. Kamba zikazwe, zisilegee, kwa sababu kamba legevu ndiyo inayonasa. Eleza mtu akimkuta kasa amenaswa atampigia nani simu.

Makombe na taka. Chaza huacha magamba mengi. Kutengenezea chokaa au kunasia vichaza wachanga ni matumizi halali. Kuyarundika ufuoni ni taka.

Kazi ya bara. Choo cha wafanyakazi, banda la kuoshea, matangi ya kusafishia chaza na maji yatokayo humo. Ukijenga chochote nchi kavu utahitaji idhini ya mipango ya ardhi ya kaunti pia.

Kufunga shamba. Sura hii huandikwa kwa mistari miwili na kusahaulika, nayo ndiyo inayowaudhi wavuvi zaidi, kwa sababu nanga na nguzo zilizoachwa huchana nyavu zao miaka mingi baadaye. Andika nani atatoa vitu, kwa fedha zipi zilizotengwa, na kwa muda gani.

Kabla haijapelekwa, itisha mkutano mfupi umsomee mwenyekiti wa BMU na wawakilishi wa akina mama mambo makuu kwa Kiswahili, au kwa Kidigo, Kigiryama au Kibajuni panapohitajika. Wakikuta kitu ambacho hamkukubaliana, rekebisha siku hiyo.

## Hatua ya 9: Wasilisha, kisha ufuatilie

Maombi huwasilishwa NEMA kwa mfumo wake wa mtandaoni, na malipo ya serikali hupitia eCitizen. Usimpe mtu pesa mkononi akulipie. Akaunti ikiwa ya mtaalamu, barua za NEMA zitakwenda kwake, na ukigombana naye utabaki gizani. Tumia barua pepe yako.

Kwa Kanuni za 2003, NEMA hutuma ripoti kwa ofisi husika ndani ya siku 7, ofisi hizo zina siku 21 za kutoa maoni, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 45. Hapa ndipo barua za hatua ya 2 zinapolipa. Afisa wa KFS au wa uvuvi ambaye alishaona ramani yako hujibu upesi, na yule anayeiona mara ya kwanza huomba muda.

Maofisa wakija kukagua, wapeleke maji yakipwa. Kona za shamba ziwe na vijiti vyenye vitambaa, na mwenyekiti wa BMU awepo. Kikwazo cha kawaida siku hiyo ni vijiti kutolingana na nukta zilizo kwenye ripoti. Zihakikishe siku moja kabla.

Majibu huwa ya namna tatu. Unaweza kupewa leseni yenye masharti. Unaweza kutakiwa ueleze zaidi, na hapo jibu kila swali kwa nambari yake bila kuandika ripoti upya. Au utaambiwa athari ni kubwa na lazima ufanye tathmini kamili. Tathmini kamili huanza na hadidu za rejea zilizoidhinishwa, na ndani yake kuna mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, matangazo gazetini wiki mbili mfululizo, na tangazo la redio. Kumbukumbu zako za baraza bado zina thamani huko, ila haziondoi mikutano hiyo.

Ukikataliwa, soma sababu kwa utulivu. Ikiwa ni mahali, rudi kwenye eneo lako la akiba, na hatua ya 1 haikupotea bure. Ikiwa unaamini uamuzi umekosea sheria, una siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET. Siku hizo huhesabiwa hata unapoendelea kubembelezana na ofisi.

## Hatua ya 10: Ukishapata leseni

Soma masharti yote kabla ya kuweka nanga ya kwanza. Leseni hutaja muda ambao mradi lazima uwe umeanza, kwa kawaida miezi 24. Ukipita, inabidi uombe tena.

Sasa kamilisha leseni ya ufugaji ya KeFS na kibali cha biashara cha kaunti. Peleka nakala ya leseni ya NEMA kwa BMU na kwa chifu, ibandikwe mahali watu wanapoona.

Mwaka wa kwanza wa uendeshaji unatakiwa ufanye ukaguzi wa mazingira na kupeleka ripoti yake NEMA, kisha uendelee kila mwaka. Ripoti hiyo ni rahisi ukiwa umeweka daftari la shamba: idadi ya kamba, chaza waliokufa, vifaa vilivyopotea na kupatikana, hali ya tope, malalamiko ya majirani na majibu yake.

Ukitaka kuongeza vyelezo, kubadilisha kiumbe au kusogeza mpaka, omba mabadiliko ya leseni kwanza. Vyelezo vinne vilivyoidhinishwa vikiwa kumi bila barua, shamba zima linahesabiwa kuwa limevunja masharti, hata vile vinne vya halali. Ukiuza mradi au kikundi kikigawanyika, leseni nayo huhamishwa kwa maombi rasmi, na mpaka uhamisho huo uandikwe, jina lililo kwenye leseni ndilo litakaloitwa pakitokea tatizo.